Siku Pikapu Ilipoungua Uani Kwetu

Nikisikia mtu akisema gari lililozimwa haliwezi kushika moto, damu hunichemka hata leo, na mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu. Linaweza. Niliona kwa macho yangu, nyumbani kwetu Mbooni, miaka ile ya sabini, siku wakwe zangu watarajiwa walipoleta mbuzi wa ntheo.

Kwetu Ukambani ntheo ndiyo mlango wa ndoa. Mbuzi wakipokelewa wakalala kwenu, wewe umeshakuwa mke wa watu, hata kama harusi ya kanisani bado. Wakiondoka, hakuna ndoa, na hakuna atakayekueleza zaidi. Yule kijana nilikuwa nimempenda. Tulikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa kule Tawa, na kwa mwaka mzima sikuwa na wazo lingine kichwani. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyesimamia mambo ni baba yake mdogo, mfanyabiashara wa Sultan Hamud, mwenye duka na pikapu.

Ilikuwa wakati wa jua kali, tumemaliza kuvuna maharagwe. Uwanja wetu ulikuwa vumbi jekundu tupu, na mama aliona aibu wageni wenye suti washukie humo. Akaniambia nichukue maganda na mabua ya maharagwe tuliyokuwa tumepura, niyatandaze pale gari litakaposimama. Nikayatandaza yakawa mazito kama godoro. Simlaumu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa hata na pikipiki, nani angejua?

Pikapu tuliisikia kabla ya kuiona. Kilima chetu humtoa mtu jasho akiwa mikono mitupu, sembuse gari lenye wazee na mbuzi nyuma. Lilipanda kwa gia ya kwanza muda wote, likinguruma. Kijana wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Akalisimamisha juu ya maganda sawasawa kama tulivyotaka, wageni wakashuka na viatu vyao vinang'aa, na mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mbuzi wakateremshwa, wakafungwa kando ya zizi.

Ndani maombi yalikuwa marefu, maana pande zote mbili zilikuwa na wazee wa kanisa na hakuna aliyetaka kushindwa. Nilikuwa natoka jikoni na beseni la kunawia mikono nilipoona moshi ukitoka chini ya tumbo la pikapu, katikati, pale bomba la moshi linapopita. Nikainama. Maganda yaliyokuwa chini ya bomba yalikuwa meusi, na moto mdogo ulikuwa unatambaa kuelekea magurudumu.

Nilipiga kelele, watu wakatoka. Tulimwaga maji ya kunawa, tukamwaga na ya kunywa, halafu tukatupa mchanga. Moto ulishapanda kwenye nyaya na viti. Ulipokaribia tangi sote tulikimbia, na pikapu ikaungua mbele yetu mpaka matairi yakapasuka. Hakuna aliyeumia. Nilidhani hilo lingetosha kumshukuru Mungu.

Baba mdogo alisimama kando ya mabaki akiwa amevua kofia.

"Gari ilikuwa imezimwa," akasema. "Funguo iko kwa mfuko ya kijana. Sasa hii moto imetoka wapi?"

Mmoja akasema ni betri. Mwingine akasema ni jua na harufu ya petroli. Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Mimi ni mtu ya kanisa, mambo ya uchawi siamini. Lakini kwa hii boma kuna mtu hataki sisi."

Hiyo "lakini" yake sijaisahau. Baba yangu akamkaribia. "Unasema mimi nimeroga gari yako?"

"Mimi sijasema. Ni wewe umesema."

Nikaingilia kati. Nikasema ni maganda. Nikasema bomba lilikuwa limepata moto wa kilima kizima, na gari likisimama hakuna upepo wa kulipoza, ule moto wote unashukia kilicho chini yake. Nikachukua kijiti nikawaonyesha pembeni, ambako maganda yalikuwa bado hayajaguswa. Moto ulianzia katikati. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

"Mwambieni huyu msichana anyamaze," baba mdogo akasema bila kunitazama. "Si ni yeye anataka kuolewa?"

Na baba yangu, badala ya kunitetea, akanishika mkono akaninong'oneza: "Unataka kusema mama yako ndiye alichoma gari ya watu?"

Nilitamani kukitupa kile kijiti usoni mwa mtu. Kwa wale, ukweli ungemaanisha hasara bila wa kumchukia, na kwetu ungemaanisha aibu ya mama. Uchawi ulimfaa kila mtu isipokuwa mimi. Nikamtazama kijana wangu. Yeye ndiye aliyeendesha, yeye ndiye angesikilizwa. Nilingoja aseme neno moja. Alikuwa anaangalia chini.

Wakafungua mbuzi. Wanaume wenye suti wakateremka Mbooni kwa miguu wakivuta mbuzi wasiotaka kuvutwa, na kama ingekuwa ndoa ya mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziume.

Mvua zilipokuwa karibu kuanza yule kijana alikuja peke yake. Mama alimpa chai akatuacha.

"Nilijua ni maganda," akaniambia. "Nikisimamisha gari nilisikia harufu ya kitu inaungua, nikafikiri ni breki. Sasa ningesema, baba mdogo angeuliza mbona sikusongeza gari." Akanywa chai. "Wewe vumilia tu. Atapoa, tutaleta mbuzi wengine."

Alidhani amenifurahisha. Ningemsamehe harufu, kwa kuwa hata mimi ningedhani ni breki. Ningemsamehe hata woga, kama angekuwa hajui kitu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya wazee wa pande mbili na kijiti changu, nikiitwa msichana mwenye haraka ya kuolewa, na mtu pekee aliyejua kwamba nasema kweli alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona maisha yote nitakayoishi naye, mimi nikiongea na yeye akiangalia chini.

Nikamwambia amalize chai aende, na akileta mbuzi wengine nitawateremsha kilimani mimi mwenyewe. Alipoondoka nililia sana, nikingoja arudi anibishie. Hakurudi.