Nililifunga Jicho Zima

Nilimfunga mwanangu jicho zima, na ikibidi nitalifunga tena kesho. Naliandika hili mwanzoni ili wale walioninyooshea vidole hapa Kianjokoma wasijisumbue kusoma hadi mwisho wakitafuta mahali nilipoomba msamaha. Hapapo.

Alikuwa na miaka mitano. Mwalimu wake wa chekechea aligundua kwamba akiziba jicho la kulia kwa kiganja, haoni hata ubao. Tukateremka Embu mjini kwenye kliniki ya macho. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alimpima asubuhi nzima kisha akaniambia, "Mama, hii jicho ya kushoto haina ugonjwa. Ilihitaji miwani tangu azaliwe na hakuna mtu alijua. Sasa shida iko kwa ubongo. Imezoea kuisahau."

Nikamwambia anieleze vizuri, maana mimi si mtu wa kuitikia nisichokielewa. Akachukua karatasi akachora. Jicho hutuma tu, alisema, haliwezi kuona peke yake. Nyuzi zake huenda hadi katikati ya kichwa, kwenye kituo kiitwacho thalamasi, na pale habari za jicho la kulia na za kushoto hukaa kila moja kwenye tabaka lake. Kutoka hapo nyuzi nyingine huzipeleka kisogoni, kwenye gamba la ubongo, na huko ndiko tunakoonea. Mtoto hazaliwi nyuzi hizo zikiwa zimekwisha kukaa sawa. Macho yake mawili hugombania nafasi kwenye gamba lile. Linaloleta picha safi hujitanulia eneo, lenye ukungu hupokonywa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba gamba nalo hurudisha nyuzi zake kwenye thalamasi, nyingi kuliko zile zitokazo machoni, likaiambia nini kipite na nini kipuuzwe.

Mimi ni fundi wa mradi wa maji. Kwa miaka nimefungua na kufunga valvu huko juu karibu na msitu, nikitukanwa na watu wa mstari wa juu ili wa chini nao wapate. Nilimwelewa daktari kabla hajamaliza. Mnyonge asipofikiwa na maji, dawa ni kumfungia mwenye nguvu.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Avae miwani, halafu ufunge hiyo jicho mzuri na plasta masaa kadhaa kila siku. Na usingoje. Akikua, nyuzi zinabaki vile zimekaa."

Wiki za kwanza zilikuwa vita. Mtoto alijikwaa kwenye mashina ya kahawa, akamwaga uji, akanichukia waziwazi. Kanisani akina mama walisema nimechanganyikiwa, nafunga kizima naacha kibovu wazi. Niliwasikia vizuri, kwa kuwa walihakikisha nasikia. Nikafunga plasta ile kwa bidii zaidi, hata Jumapili.

Baada ya miezi miwili tulirudi kliniki. Hakuna kilichobadilika, hata mstari mmoja wa herufi. Daktari akaniuliza kama plasta inakaa jichoni. Nikaapa kwamba inakaa, naibandika kwa mikono yangu kila siku kabla ya kwenda kazini.

Wiki hiyohiyo kazi ya bomba nililokuwa nikilitengeneza iliisha mapema, nikafika nyumbani mchana. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto nikiwa kazini, alikuwa amemkalisha kwenye kigoda akimlisha githeri. Plasta ilikuwa kwenye jicho la kushoto. Kumbe kila nikitoka aliihamisha, na kabla sijaingia aliirudisha. Miezi miwili tulikuwa tumelinyima lile jicho dhaifu hata kidogo lilichokuwa nacho.

Kwetu binti wa kwanza, kama huyu wangu, hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina amepewa mtu mzima mzima. Mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu mjukuu.

"Huyu mtoto ni mimi," aliniambia, kijiko bado mkononi. "Umenifunga jicho ikiwa inaona, nianguke mbele ya watu. Nimekukosea nini?"

Najua mkwe hajibu. Nilijibu. "Kama ni wewe, mama, basi ni wewe unajipofusha. Mimi nimetoka kwa daktari. Wewe umetoka wapi?"

Mume wangu alikuwa mlangoni. Akageuka akaenda kukama ng'ombe aliyekwisha kukamwa.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimpeleka mama mkwe kliniki, na daktari akachora tena. Mama mkwe hakuitazama karatasi. Aliuliza jambo moja tu: "Hiyo miezi miwili, nimemharibu?"

"Wakati bado uko, cucu," daktari alisema, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Lakini si mwingi."

Tangu siku hiyo mama mkwe alibandika plasta mwenyewe, jicho la kulia, bila kukosea. Akishaibandika alikwenda kusimama karibu na ghala, mwisho wa uwanja, akalia bila sauti akijipangusa kwa ncha ya leso. Aliuchagua umbali ule makusudi, akijua mtoto hawezi kumwona kwa jicho la kushoto. Nilimwonea huruma, na sikumwambia aiondoe.

Miezi ilipita hivyo. Siku moja nilikuwa uwanjani nikibadilisha bomba la bafu. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini, plasta jichoni, miwani juu yake, akichambua maharagwe. Akainua kichwa, akatazama upande wa ghala.

"Cucu," akasema, "mbona unapangusa macho?"

Mama mkwe aliacha leso ikaanguka. Akaanza kuja mbio, mikono mbele. Nikasimama katikati ya njia nikamzuia, spana mkononi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Rudi pale ghalani. Uongeze hatua tatu uwe mbali zaidi, halafu ulie tena."

Akarudi, akahesabu hatua tatu, akalia.