Kondakta wa Boti ya Mferejini

Kondakta wa boti yetu ya mferejini, hapa Bangkok, hutembea kwenye ukingo wa nje, mkono mmoja ukishika kamba, mwingine ukigawa tiketi. Sauti yake imekwaruzwa na kelele za injini. "Haraka, shangazi, ofisi haikusubiri!" Asubuhi moja Bibi Lamyai, abiria wetu wa zamani, aliganda gatini; hakuwa amepanda boti tangu ateleze akatumbukia majini.

"Dada, mwache, tunachelewa!" abiria mmoja akafoka.

Kondakta akarukia gatini, akamnyooshea mikono. "Nishike, Bibi. Ukitumbukia tunakwenda wote, na mimi kuogelea sijui."

"Muongo we!" Bibi akacheka, akamkumbatia, wakavuka pamoja hadi botini. Kondakta akampigia nahodha mluzi tuondoke. Nilikuwa nimeketi karibu na kondakta. Hakuwa akitania: safari hii aliishika kamba kwa mikono yote miwili, tiketi kazibana kwapani.