Nilivyoaibika mbele ya baba mkwe kwa ajili ya mizizi ya majani

Amahoro wakuu.

Naandika hii ikiwa bado mbichi, na siongezi chumvi hata punje.

Mimi ni mtunza majani kwenye hoteli moja ya ufukweni, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, huku Burundi. Patron wetu, yaani bosi mwenye hoteli, alitengeneza kiwanja kidogo cha gofu, mashimo matatu tu. Msicheke, wageni wa Bujumbura wanakipenda.

Kwa wasiojua: kuzunguka kila shimo majani yanakatwa mafupi kama kapeti. Hiyo ndiyo grini. Yakikatwa hivyo, mizizi nayo inakuwa mifupi, na udongo ukishiba maji, ukungu unaiozesha kimyakimya. Ukiona njano juu, chini umeshachelewa.

Kwa hiyo unazuia mapema. Unatoboa udongo upumue, unajaza mchanga, unapunguza maji, unapandisha kisu cha mashine kidogo.

Mvua zilipokaribia nikaanza na grini ya kwanza. Ikabaki matundu matupu, kama chujio.

Mchana huohuo patron akaja na wageni wa chakula. Mmoja wao baba mkwe wangu, Mzee Salum, anayetuletea mawese ya jikoni. Huyu mzee aliwahi kumuuliza mke wangu kama kukata majani nako ni kazi.

Patron akasimama barazani, akaangalia.

"Wewe ni fundi au panya?"

Wageni wakacheka. Baba mkwe hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Maelezo yote nilikuwa nayo mdomoni, wakuu. Kilichotoka ni "Pardon, patron."

Akaniamuru niache kutoboa, na zile grini mbili zilizobaki nizimwagilie kila jioni ziwe kijani.

Nikamwagilia. Nilijua kabisa nafanya nini, na nikamwagilia. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, kicheko kile nilishakisahau.

Mvua zikaja juu ya maji yangu. Madoa ya njano yakatokea, ya mviringo, yakakutana. Nikavuta majani kwa vidole viwili, yakaja bila ubishi. Mizizi myeusi, inanuka tope. Grini mbili zote zimekwenda.

Ile ya kwanza? Matundu yalishajifunga. Kijani safi.

Patron akauliza kwa nini hii imepona. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, akasema, "Sasa mbona hukuniambia?"



Wiki hiyo Mzee Salum akaleta mawese. Habari alishazipata jikoni. Akanikuta nang'oa yaliyooza.

"Siku ile ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani hujui kazi. Nikakuonea huruma."

Akaenda kushusha madumu yake.

Nilichojifunza: mizizi inalindwa kabla ya mvua, na mwenye kiwanja anaambiwa kabla hujatoboa tundu la kwanza. Mwonyeshe, mwambie kitakuwa kibaya kwa muda. Akikataa, akatae akiwa anajua.

Mnaotunza viwanja, hata vya mpira, nipeni uzoefu wenu: nipande upya sasa au nisubiri udongo ukauke?

Na lingine. Mke wangu anasema Jumapili twende kwao kula. Nyie mngeenda?