Dishi Linalotazama Shume

Hidaya binti Hashimu anauza chai na maandazi pale Lukozi, karibu na mahali magari ya mboga yanapopakia. Watu wanamwita Mama Kassimu. Ni mpole, sauti yake hata mezani huisikii, lakini ukimwita mwongo umemgusa pabaya.

Na walimwita. Televisheni ya kikundi cha wakulima iko mgahawani kwake, dishi liko juu ya bati lake. Jioni nyingi, mpira ukinoga, picha inaganda, inakatikakatika, kisha giza. Nje hakuna hata tone la mvua. Muda si mrefu inasikika adhana ya magharibi. Wanaume wakaanza kupeana macho: huyu mama anazima makusudi ili twende tukaswali.

"Shemeji," akasema Rajabu, kaka wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kikundi, "swala ni ya mtu na Mola wake. Usituswalishe kwa rimoti. Kesho dishi linahamia kwangu."

"Sijazima hata siku moja," Hidaya akajibu. "Na halitoki hapa kwa uongo."

Alikwisha kumuuliza Kristian, fundi aliyelifunga. Kristian alimwonyesha kwa mkono: dishi halitazami juu ya paa, linatazama mshazari, kupitia upande wa Shume, kule kwenye msitu, hadi kwenye setilaiti huko angani. Mvua ya matone makubwa ikisimama katikati ya njia hiyo, inayanywa mawimbi ya picha yasifike. Ukungu haufanyi kitu. Tangu hapo Hidaya, akikanda unga, hutupa jicho Shume, akibashiri picha itakatika lini. Mara nyingine wingu hupita kando akakosea, akacheka peke yake.

Kesho yake kikundi kikaja, Yassin wa bodaboda mbele na spana mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi nimetumwa tu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa unywe chai kwanza. Spana haina haraka."

Mpira ulikuwa umeanza. Hidaya akamkabidhi Rajabu rimoti, akasimama mlangoni. Lukozi jua lilikuwa linawaka juu ya kabichi. Upande wa Shume mvua ilikuwa imeshuka nzito, msitu hauonekani.

"Picha inaondoka sasa hivi," akasema. "Rimoti unayo wewe, shemeji. Mikono yangu hii hapa." Akaiinua, imejaa unga hadi viwikoni.

"Na jua lote hili?" mtu akacheka. "Mama siku hizi unaagua?"

Picha ikaganda, mchezaji mguu hewani. Ikakatika. Giza. Rajabu akabonyeza, akabonyeza tena, akaipiga rimoti kwenye paja.

"Basi mvua anaiita yeye," sauti ikasema nyuma.

Hapo Hidaya akapandisha sauti, jambo ambalo Lukozi hawakulizoea. "Astaghfirullah. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, mimi siitumi. Naitazama, kama wewe unavyotazama kabla ya kuanika maharage. Jana mwongo, leo mchawi. Chagueni moja, lakini dishi halishuki."

Yassin akaweka spana chini ya benchi. "Mzee Rajabu, hata likiwa kwako, si litatazama hukohuko Shume?"

Rajabu akakohoa, akauliza taratibu, "Shemeji, itarudi kabla mpira haujaisha?"

"Niombe radhi kwanza, mbele ya hawahawa uliowaambia nazima," Hidaya akasema. "Kisha nitatoka nje nikutazamie."

Akarudi kwenye unga wake, akaendelea kukanda, akisubiri.