Redio Iliyokunywa Maziwa

Mimi ni fundi wa redio za magari, zile za kuitana, na wanaonijua hapa Bulla Pesa, Isiolo, watakuambia nina mdomo. Sigusi gari kabla sijamhutubia mwenyewe: antena ikae katikati ya paa, waya usipite penye bati linalokata, fyuzi iwe karibu na betri, na betri iunganishwe mwisho kabisa. Hiyo ya mwisho huisema kidole kikiwa juu.

Siku hiyo mteja wangu alikuwa dereva wa gari la kupeleka dawa za mifugo. Mwaka uliotangulia alikwama kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, mahali ambapo simu haishiki, akakaa siku mbili bila mtu kujua kama yuko hai. Mama yake hakulisahau jambo hilo. Ndiye aliyemsukuma mpaka akaomba redio kazini, na siku ya kuifunga alikuja naye, kibuyu cha maziwa mkononi, akaketi kwenye kivuli cha ukuta wangu kunichunga.

"Fundi, hii fyuzi ni ya nini?" dereva akauliza. "Si uweke tu ile karatasi ya kung'aa ya sigara? Stima itapita."

Nikamhutubia upya. Nikamwambia afadhali fyuzi ife kuliko gari lishike moto naye akiwa ndani.

"Wacha fundi afanye kazi," mama yake akamkemea.

Nikatoboa paa pa kupitisha waya wa antena. Redio nikaiweka kwenye kiti, moja kwa moja chini ya lile tundu. Sasa hapo ndipo tamaa iliponishika. Redio ilikuwa mpya, na mimi nikiona redio mpya nakuwa mtoto: nilitaka tu kuona taa yake. Nikaunganisha betri. Taa ikawaka kijani, roho yangu ikatulia, nikaingia kibandani kutafuta mpira wa kuziba tundu.

Mama aliponiona nimeondoka akadhani kazi imekwisha. Kwao kitu kipya hubarikiwa kwa maziwa. Kwa safari ya kawaida yanatosha matone machache. Kwa mwana aliyepotea siku mbili, alipanda bampa na kumimina nusu ya kibuyu juu ya paa, maziwa yakafuata tundu.

Nilisikia tap! Nikatoka mbio. Redio ilikuwa imezima, kiti kimelowa chapachapa, na gari zima linanukia chai iliyosahauliwa majani.

Mama alikuwa bado juu ya bampa. "Fundi, maziwa yangu imeua hii kitu?" akauliza. "Sasa mtoto wangu ataita nani huko?"

Nakiri nilitamani sana kusema ndiyo. Jina langu lingebaki safi, na dereva alikuwa tayari ameanza kumlaumu mama yake. Lakini mama alinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa habari za msiba, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona.

"Hapana, mama. Ni mimi. Betri huunganishwa mwisho, na mimi nimeiunganisha kwanza."

Dereva alicheka hadi akashikilia mlango. "Fundi! Na vile umetuhubiria!"

Kilichoungua kilikuwa fyuzi peke yake. Nikaifungua redio, nikaifuta, nikaianika. Jua la Isiolo halina uvivu. Kesho yake nikafunga kila kitu upya kwa mpangilio, dereva akinisomea kanuni zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila huruma. Kisha akaondoka kuelekea Gotu ili tuijaribu.

Mimi na mama tulikaa kibandani mbele ya redio ya mezani. Tulingoja sana. Nilijifanya napanga nyaya. Mwishowe redio ikakoroma, halafu sauti ikatoka safi kabisa.

"Mama, unanisikia?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

Nikampa kipaza sauti, nikamwonyesha kitufe. "Ongea, mama." Midomo yake ilisogea, sauti haikutoka.

"Mama? Mama, uko?"

Akaitikia tena kwa kichwa, kwa nguvu zaidi, machozi yakimdondoka, macho hayabanduki kwenye redio.

Nikabonyeza kitufe mimi mwenyewe. "Anakusikia," nikasema. "Anakuitikia kwa kichwa."



"Mwambie nimemwona," dereva akajibu.