Nzilani wa Kiganjo Hamwachii Mtu Mlango Wazi

Kama uliwahi kuingia katika ile saiba ya Kiganjo pembeni mwa Thika, lile duka dogo la intaneti lililobanana kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi, ukamwambia mama wa kaunta, "Usinifungie, naja sasa hivi," basi jibu lake unalijua.

"Nitakufungia."

Hakuinua hata macho. Na kweli, ukirudi na mabaki ya githeri mdomoni unakuta kompyuta imefutwa safi, kana kwamba hujawahi kuzaliwa.

Watu walimnung'unikia, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa maana "usinifungie" ni desturi ya saiba zetu zote, Thika mpaka Ruiru. Mtu yuko katikati ya kuomba kazi, njaa imembana, anaiacha akaunti yake wazi vile mtu anavyoacha kitambaa juu ya kiti kanisani, akaenda zake kula. Mhudumu anamlindia. Kuna wanaoacha mpaka jioni, na kuna wanaosema nitarudi kesho. Karatasi inabandikwa kwenye kioo: USIGUSE. Hakuna anayeona ubaya. Nzilani ndiye aliyeuona, na aliuona kwa gharama kubwa.

Alizaliwa Ngoliba, kule chini ambako mvua haiji mpaka ibembelezwe, binti wa Mutisya mkulima wa ndengu. Shule iliishia kidato cha pili. Akaja Thika, akapanga chumba mtaa wa Landless, akapata kazi katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda. Alisimama kwenye mashine ya kukata iliyokuwa imeondolewa kinga yake, kwa sababu kinga, walisema wakubwa, inachelewesha kazi. Siku moja mashine ikachukua vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha shahada na cha kati.

Alipotoka hospitali, bandeji ingali mbichi, aliingia saiba moja ya mjini kutafuta haki yake ni ipi. Akaandika kwa kidole kimoja cha kushoto: fidia ya mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine. Akasoma, akatoka na matumaini. Hakujua kwamba kivinjari kina kumbukumbu kuliko mama mkwe. Aliyekalia kiti kile baada yake alikuwa Gachau, wakati huo karani wa kiwanda. Alipoandika herufi mbili tu, kile kisanduku cha juu kikamkamilishia maneno yaliyobaki. Akamuuliza mhudumu nani alikuwa hapa. Mama mmoja wa bandeji, akaambiwa.

Kesho yake Nzilani aliitwa ofisini, kabla hajamwona wakili yeyote. Akapewa karatasi iliyosema uzembe ni wake. "Na usihangaike na mawakili," Gachau akamwambia akitabasamu, "tumeona ulichokuwa unatafuta." Aliogopa, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi baadaye hakuikasirikia ile mashine ya matunda hata kidogo. Mashine haina macho. Alikikasirikia kile kisanduku, na yule aliyekichungulia.

Hasira ndiyo iliyompeleka kujifunza kompyuta. Kanisa moja pale Landless lilikuwa na darasa. Mwalimu alipoutazama mkono wake alimwonea huruma, na huruma ilimuudhi Nzilani kuliko tusi. "Kipanya kinabonyezwa kwa vidole hivyo hivyo ulivyopoteza, mama," mwalimu akasema.

"Basi kipanya sitaki."

Akajifunza kwa kibodi. Control na T, ukurasa mpya. Control na L, uko juu kwenye anwani. Umefunga kitu kwa bahati mbaya? Control, Shift na T, kinarudi kikiwa kizima. Wenzake wakihangaika kukifukuza kile kimshale kwenye kioo kama wanaofukuza kuku, yeye alikuwa ameshamaliza. Ndiyo sababu Gachanja, mwenye saiba mbili, moja Ruiru na moja Kiganjo, alimwajiri bila kuuliza vyeti.

Kompyuta za Kiganjo akazipanga apendavyo. Maandishi makubwa kwa ajili ya wazee. Kujikamilisha kwa maneno, amezima. Kuhifadhi maneno ya siri, amezima. Na kabla mteja hajaketi, Control, Shift na N: dirisha la faragha, lile lisiloweka historia ya ulikopita, na ukilifunga akaunti yako inafungwa nalo. Hata Shosho Warigia, aliyekuja kila siku kuongea kwa video na mjukuu wake wa ng'ambo, alilalamika, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Kivuva, una roho ngumu wewe. Kila siku lazima nianze upya?"

"Kila siku, shosho. Ukitoka hapa, hukuja hapa."

Kulikuwa na waliosema ana kiburi. Alikuwa nacho, sana. Mimi nasema kiburi cha namna ile wangekuwa nacho watu kumi mji huu, tungelala salama.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu.

Katika kiwanda kile kile, kwenye mashine ile ile, alisimama msichana aitwaye Ndinda, na kinga bado haikuwa imerudishwa. Gachau alikuwa amepanda mpaka kuwa msimamizi mkuu. Ndinda na wenzake wakakubaliana waandike malalamiko kwa ofisi ya kazi, wakusanye majina kimya kimya, wayapeleke Jumatatu wakiwa wengi. Mtu mmoja hufutwa. Kundi zima linamshinda mwajiri nguvu. Lakini majina yakijulikana kabla ya Jumatatu, wangechujwa mmoja mmoja. Barua waliiandika pale saiba kwa Nzilani, kidogo kidogo, wakati wa chakula cha mchana.

Alhamisi stima ikapotea Kiganjo, kompyuta zikazima. Ndinda alikuwa na siku ya mapumziko, anakwenda kwa dadake Ruiru.

"Auntie, nitamalizia wapi? Zile zingine za hapa Thika naziogopa. Kila saiba iko na mtu wa kiwanda."

"Pitia yetu ya Ruiru," Nzilani akamwambia. "Mwambie Simeon nimekutuma."

Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulikana. Alisahau kwamba sheria yake ilikuwa ya Kiganjo tu.

Ijumaa asubuhi Gachanja akampigia simu. Gachau alikuwa amesikia kwamba wanawake wa kiwanda wanaingia saiba zake, naye Gachau ndiye aliyempa Gachanja tenda ya kuchapisha makaratasi yote ya kiwanda.

"Mama Kivuva, hebu fungua history hapo uniambie wale wamama wanatafutanga nini."

"Hakuna history, boss."

"Haiko aje?"

"Haijawahi kuwa. Tangu uniandike."

Halafu Gachanja akacheka. "Haya, si neno. Huku Ruiru tunaweka kila kitu. Kuna mmoja wa kiwanda hata alikuja jana akaacha email yake wazi, ati asifungiwe, atarudi kumalizia. Gachau anakuja saa nane ajionee."

Nzilani akajua ni akaunti ya nani. Akampigia Ndinda, haikushika. Pale kiwandani simu huachwa getini mpaka zamu iishe. Akampigia Simeon, mhudumu wa Ruiru, akamsihi aifunge ile akaunti.

"Mama Kivuva, niko na watoto," Simeon akasema kwa sauti ya chini. "Boss amesimama hapa."

Hakumlaumu. Yeye pia alikuwa na mtoto, na kodi, na mkono usiopendwa na waajiri. Aliogopa kama alivyoogopa siku ile ya karatasi. Tofauti ni kwamba safari hii uoga ulimkuta amesimama wima. Akawaambia wateja samahani, akashusha mlango wa mabati, akaenda Ruiru.

Saiba ilikuwa imejaa. Gachanja alikuwa nyuma ya kaunta akinywa chai.

"Habari yako, boss."

"Mama Kivuva! Na Kiganjo umeachia nani?"

"Nimefunga."

Simeon alisogeza midomo kuelekea kompyuta ya pembeni, karibu na printa. Karatasi ilikuwa imebandikwa kiooni: USIGUSE. Nzilani akaibandua, akaketi. Mbele yake kulikuwa na barua ya Ndinda, na chini yake majina yote, mmoja baada ya mwingine, yakimngoja Gachau aje ayasome.

Angeweza kuimaliza kazi ile kimya kimya, mkono wa kushoto ungetosha. Lakini alikuwa amechoka na mambo ya kimya.

"Hiyo wachana nayo," Gachanja akasema. "Gachau anaitaka vile iko."

"Najua, boss. Ndiyo nimekuja kuifunga."

Akaifunga ile akaunti mbele ya macho yake. Barua haikupotea, ilibaki salama katika akaunti ya mwenyewe, kilichofungwa ni mlango tu. Kisha Control, Shift na Delete, akachagua kufuta kila kitu cha tangu mwanzo, akabonyeza Enter. Kioo kikabaki cheupe.

Gachanja akaweka kikombe chini. "Umefanya nini?"

"Nimemfungia mteja wako. Ungemfungia wewe, nisingetoka Kiganjo."

"Lete funguo za duka langu. Lete sasa hivi, na nisikuone tena!"

Akazitoa mfukoni, akazilaza kwenye kaunta. Hapo ndipo kijana mmoja, Odhiambo, fundi wa bomba aliyekuwa akitafuta kazi mtandaoni, alipogeuza kiti chake.

"Madam, pole. Ati kuna msee angekuja kusoma za huyo mteja? Na hizi zetu je?"

"Shikilia Control," Nzilani akamwambia, "halafu bonyeza H."

Odhiambo akabonyeza. Ikajitokeza orodha ndefu ya yaliyotafutwa na kila aliyewahi kukalia kiti kile. Mtu alitafuta dalili za ujauzito. Mwingine alitafuta namna ya kumwacha mume anayepiga. Mwingine dawa ya ugonjwa ambao hatautaja hata kwa kasisi. Na chini kidogo, mambo ya Odhiambo mwenyewe ya juzi, ambayo alikimbilia kuyafunika kwa kofia.

"Ngai!" mama mmoja wa kiti cha pili akasema. Naye akabonyeza. Kisha wa tatu. Saiba nzima ikawa inasoma, na aibu ikawapanda watu usoni, halafu aibu ikageuka hasira, kama inavyostahili.

"Inafutwa aje?" wakauliza.

Nzilani akawaambia vile vitufe vitatu, kwa sauti, kama mwalimu wa kwaya. Wasiovijua akawaonyesha, akipita kiti kwa kiti. Gachanja alikuwa ametoka nyuma ya kaunta.

"Hizo ni kompyuta zangu! Hiyo ni mali yangu!"

"Kompyuta ni zako, boss," Nzilani akasema. "Mambo ya hawa watu si yako."

"Mzee, tulia," Odhiambo akamwambia bila kugeuka. "Tunamalizia."

Nikuambie kabisa yaliyofuata, usije ukakaa na wasiwasi. Jumatatu Ndinda na wenzake walifika ofisi ya kazi, wakakabidhi malalamiko yao kwa mikono yao, majina kamili, kila mtu ameliweka lake kwa hiari yake. Kesi bado inaendelea na sitakudanganya kwamba wameshinda. Nzilani hakurudishwa kazini. Siku hizi ana kompyuta moja kuukuu ndani ya duka la mshonaji pale Landless, na bado anafungia watu. Lakini hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile ilikuwa bado na mgeni wake.

Gachau aliingia saa nane, shati limepigwa pasi, akielekea moja kwa moja kwenye kompyuta ya pembeni. Alikuta kioo cheupe na mwanamke amesimama mbele yake. Alimtazama, akaukumbuka mkono kabla ya jina.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapa palikuwa na kitu. Nimeambiwa kilikuwa wazi."

"Kimefungwa."

Gachau akamgeukia Gachanja. Gachanja akatazama chai yake. Watu wote walikuwa wamegeuza viti, mikono magotini.

"Unataka kujua nini?" Nzilani akamuuliza. Sauti yake haikupanda. "Ulipotaka kujua habari zangu hukuniuliza, uliuliza mashine. Leo mwenyewe niko hapa, na watu ni hawa. Uliza."

Gachau akawaangalia mmoja mmoja: fundi bomba mwenye kofia mkononi, mama wa kiti cha pili, Simeon aliyekuwa amekunja mikono. Jasho lilianza kumtoka juu ya ile kola.

"Mimi nimekuja kuprinti tu," akasema.

"Sawa," Nzilani akamjibu. "Panga laini kama wengine."