Sikukuu ya Muhogo

Kosa langu la kwanza nilipoanza kuwafundisha kidato cha nne Vita Kuu ya Pili lilikuwa kuandika ubao mzima tangu kengele hadi kengele, kwa kuogopa kuulizwa swali. Mada ile nilijisomea mwenyewe, na nilichelea nisije nikakosea hata jina la mji mmoja.

Kisha siku moja, dukani Mtambile, muuzaji alifungua gunia la mchele mbele yangu. Harufu yake kavu, yenye vumbi, ikanirudisha uani kwetu, nilipokuwa mtoto.

Nilikuwa nimemwaga mchele wa Sikukuu mchangani. Nilijibanza nyuma ya mlango nikilia, nikingoja fimbo za mama. Bibi akaja na ungo, akachutama.

"Njoo, mume wangu," akaniita, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. "Mama'ko hajarudi. Tuokote."

Mchanga ulikuwa wa moto. Vidole vyake vikavu vilichagua punje moja moja.

"Wakati wa vita meli za mchele hazikuja," akasema. "Walopigana wao, walolala na njaa sisi. Sikukuu tulikula muhogo, nami nikalia kuliko wewe."

"Ulilia, bibi?"

"Na kofi nikala juu yake!"

Tulicheka huku tukiuosha mchele. Mama alipopiga hodi, ulikuwa umeshatulia sufuriani.

Siku hizi naanza somo lile kwa kuwasimulia wanafunzi Sikukuu ya bibi. Wananiuliza mengi, na nisilolijua nawaambia silijui.